Mwani na Metali Zilizomo Majini: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wakulima, walio wengi wanawake, hupanda aina mbili, spinosum na cottonii. Kwa kawaida cottonii hupata bei kubwa zaidi, ingawa kazi ya kufunga mbegu kambani ni ile ile, na ingawa cottonii ndiyo inayokufa upesi maji ya bahari yanapopata joto. Mwanachama anayeuliza sababu ana haki ya kupewa jibu. Sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika namna ute wa kila mwani unavyoshika metali zilizoyeyuka majini.

Yafaa kuanza na jambo linalojulikana katika kila nyumba. Maji ya visima vingi vya Unguja hupita katika mawe ya matumbawe na kubeba kalsiamu. Mtu akifua kwa maji hayo, sabuni hukataa kutoa povu na utando mweupe huelea juu. Hapo kalsiamu imeikamata sabuni. Chembe ya metali iliyoyeyuka huwa na umeme chanya, na wataalamu huiita ioni; daima huvutwa na kitu chenye umeme hasi. Ioni za sodiamu na potasiamu zina umeme wa sehemu moja, kama kwamba zina mkono mmoja. Ioni za kalsiamu, shaba na risasi huwa na mikono miwili. Hesabu hiyo ya mkono mmoja na miwili haina budi kukumbukwa.

Mwani wa kahawia, kama ule wenye vijipovu vya hewa uitwao sargasamu, ambao mawimbi huutupa ufukweni na watu huupita, una ute uitwao alginati. Mkemia E. C. C. Stanford ndiye aliyeutoa na kuueleza kwanza, huko Uingereza, katika miaka ya 1880. Alginati ni kama uzi mrefu wa ushanga, na kila shanga ina umeme hasi. Ikiwa pamoja na sodiamu, kila shanga hupata mwenzake wa mkono mmoja, nyuzi huteleza kila moja peke yake, na maji huwa mazito tu kama uji. Ikitiwa kalsiamu mambo hubadilika: ioni moja hushika uzi huu kwa mkono mmoja na uzi wa pili kwa mkono mwingine. Baadhi ya shanga zimejikunja hata zikafanya vishimo, na kalsiamu hukaa humo kama mayai katika trei. Ndiyo maana tangu mwaka 1973 wataalamu huuita mpango huo sanduku la mayai. Uji hugeuka kuwa mgando usioyeyuka hata ukipashwa moto. Tabibu wa meno anayechukua sura ya kinywa cha mgonjwa hutumia jambo hili hili. Unga wake una alginati na jasi; ukichanganywa na maji, jasi hutoa kalsiamu na unga huganda kwa dakika chache.

Mwani unaolimwa Unguja si wa jamii hiyo. Spinosum na cottonii ni mwani mwekundu, hata kama shamba lina rangi ya kijani au kahawia, na ute wake ni karaginani. Umeme hasi wa karaginani hutoka katika vikundi vya salfa, nayo huchagua metali zake kwa namna nyingine. Ile ya cottonii, iitwayo kapa, hupatana na potasiamu na kufanya mgando mgumu unaovunjika. Ile ya spinosum, iitwayo aiota, hupatana na kalsiamu na kufanya mgando laini unaonyumbuka na usiotoa maji. Viwanda vya nyama na maziwa huhitaji sana ule mgumu, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya tofauti ya bei. Mnunuzi anayekiambia chama kwamba ananunua spinosum ili atoe alginati ama hajui biashara yake, ama anajua kuwa katibu hajui. Mkataba wa namna hiyo usitiwe saini.

Liko jambo jingine, zito zaidi, hasa kwa vyama vinavyotengeneza vyakula na sabuni za mwani. Wataalamu Haug na Smidsrød wa Norway walionyesha kwamba alginati huipenda risasi na shaba kuliko kalsiamu. Risasi ikipita karibu, kalsiamu husukumwa nje na risasi hukaa mahali pake. Kwa sababu hiyo mwani wa kahawia uliokufa umejaribiwa katika kusafisha maji machafu ya viwanda, nao hufanya kazi hiyo vyema. Lakini uchafu ulioondolewa majini sasa umo ndani ya mwani! Mwani mwekundu nao hushika metali, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwani uliookotwa karibu na bandari, gereji au mifereji ya maji machafu ya mji haufai kuliwa, wala kulishwa mifugo. Kuusuuza huondoa mchanga na chumvi. Risasi iliyoshikwa hubaki, kwa maana huachiliwa na asidi, si na maji matupu. Kadhalika mwani usianikwe juu ya mabati yenye rangi ya zamani, wala usiwekwe ghala moja na betri kuukuu za magari. Kwa jicho hakuna awezaye kuitambua risasi. Ni maabara tu. Chama kinachotaka ushauri juu ya mwani kinaweza kuanzia Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa mafunzo: Je, maji ya kisima cha chama hutoa povu la sabuni, na hilo laonyesha nini juu ya kalsiamu iliyomo? Vyanio vya wanachama viko umbali gani na barabara, gereji na mifereji? Na katika daftari la mauzo, je, spinosum na cottonii zimeandikwa mbalimbali, kila moja kwa uzito na bei yake?