Jasho Linapohamia Mgongoni Baada ya Upasuaji

Msomaji, huenda wewe au jamaa yako ni miongoni mwa watu ambao viganja vyao hutoa jasho hata asubuhi ya baridi, karatasi ikalowa mkononi na kusalimiana kukawa aibu. Baadhi yao hufanyiwa upasuaji wa neva. Viganja hukauka mara moja, lakini baada ya muda mgongo, tumbo na mapaja huanza kutoa jasho kuliko awali. Kwa nini? Na mgonjwa ataishije na hali hii?

Neva inapokatwa

Jasho huamrishwa na neva za simpathetiki, ambazo hufanya kazi bila sisi kuamua. Zimepangana kama mnyororo kando ya uti wa mgongo. Daktari hupenyeza kifaa chembamba chenye kamera kati ya mbavu, kisha hukata, huunguza au hubana kwa klipu sehemu ya mnyororo huo kifuani.

Amri ya kutoa jasho haifiki tena viganjani. Inaaminika kwamba sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili, ikikosa taarifa ilizozoea, huzitaka sehemu za chini zitoe jasho zaidi. Hili huitwa jasho la fidia, na huwapata wagonjwa wengi. Kwa wengi ni jepesi. Kwa wachache huwa zito hata wakajuta.

Je, neva itapona?

Neva iliyokatwa ikimea, humea polepole mno: takribani milimita 1 kwa siku hali ikiwa nzuri, tena si lazima ifike ilikokusudiwa. Kwa baadhi ya wagonjwa jasho la viganja hurejea baada ya miezi au miaka. Jasho la fidia nalo huwapungukia wengine kadiri muda unavyopita, ilhali kwa wengine hudumu. Kwa hivyo usikimbilie upasuaji wa pili. Hata hivyo, kama ulibanwa klipu na hali imekuzidi, muone mapema daktari aliyekupasua. Kuzitoa huwasaidia baadhi tu, na kukawia hupunguza matumaini.

Kuishi na hali hii

Kwanza, jihadhari na joto. Uso, mikono na sehemu ya juu ya kifua sasa huenda havitoi jasho la kutosha kuupoza mwili. Ukiwa Mombasa au Kisumu, au ukifanya kazi juani, kunywa maji mara kwa mara, pumzika kivulini na ujifute uso na mikono kwa kitambaa chenye maji. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Pelekwa hospitali upesi.

Pili, vaa nguo za pamba zisizobana, na uweke shati la akiba kazini. Oga na ujikaushe vizuri kwenye mapaja na makwapa ili kuzuia harara na fangasi. Viganja vikikauka hadi kupasuka, vipake mafuta.

Tatu, ukifanya mazoezi, anza taratibu. Moyo wako huenda usipige kasi kama zamani. Mweleze kila daktari anayekutibu kwamba ulikatwa neva hizo, hasa kabla ya kupewa dawa za moyo au shinikizo la damu.

Nne, usijinunulie dawa. Oksibutinini hupunguza jasho, lakini hukausha kinywa, huweza kuzuia mkojo na huongeza hatari ya kuzidiwa na joto. Haiwafai baadhi ya watu wenye presha ya macho.

Ukiona kope la jicho moja limelegea na mboni yake imekuwa ndogo, mjulishe daktari. Ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usingoje hadi kesho.

Kwa wale ambao hawajapasuliwa, jaribuni kwanza dawa ya kupaka ya alumini kloridi, matibabu ya kutumbukiza mikono katika maji yanayopitishwa umeme mdogo, au sindano za botoksi. Taiwan, mwaka 2004, ilipiga marufuku upasuaji huu kwa walio chini ya umri wa miaka 20. Matibabu hayo mengine mtu anaweza kuyaacha yasipomfaa, lakini neva ikishakatwa, hakuna daktari awezaye kukuhakikishia kuirudisha ilivyokuwa.