Usubi: Kueleza Sayansi kwa Lugha ya Mgonjwa

Mgawa dawa za usubi katika vijiji vya Rungwe hana budi kuwa tayari kwa swali hili: «Mwaka jana nilimeza dawa, nikawashwa mwili mzima. Kwa nini nimeze tena?» Akijibu kwamba ivermektini huua mikrofilaria bali haiui makrofilaria, atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa amejibu. Tofauti kati ya kusema kweli na kujibu ndiyo somo letu.

Anza na kile anachokijua

Mkazi wa Tukuyu anaijua mito yake. Mvua nyingi za Mlima Rungwe hulisha Mto Kiwira na vijito vingine viteremkavyo kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa. Inzi mdogo mweusi aenezaye usubi hutaga mayai katika maji ya namna hiyo, kwa kuwa mabuu yake hujishikiza kwenye mawe na majani, nayo huhitaji maji yaendayo kasi yenye hewa ya kutosha. Mbu wa malaria huuma usiku. Inzi huyu huuma mchana. Kwa hiyo chandarua, chenye manufaa makubwa dhidi ya malaria, hakimkingi mtu alimaye kando ya mto.

Taja umri wa mnyoo

Minyoo komavu hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10, akizaa vijiminyoo kwa maelfu. Vijiminyoo hivyo hutembea ndani ya ngozi na kufika machoni. Vinapokufa, mwili hupambana na mabaki yake: ndipo huja muwasho, ngozi kuharibika na, baada ya miaka, upofu.

Sasa jibu linawezekana: «Dawa huua watoto. Mama hubaki hai. Huacha kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha huanza tena. Tunameza kila mwaka ili inzi asipate vijiminyoo vya kupeleka kwa jirani, mpaka mama huyo azeeke na kufa.» Hakuna neno gumu hapo, wala hakuna ukweli uliopunguzwa.

Eleza sababu, usiamuru tu

Muwasho baada ya kumeza dawa mara nyingi hutokana na vijiminyoo vinavyokufa. Aliyeelezwa mapema huuvumilia; asiyeelezwa hudhani amelishwa sumu, na mwaka unaofuata hujificha. Hata hivyo, mwenye kizunguzungu kikali, uvimbe wa uso au shida ya kupumua afike kituo cha afya bila kuchelewa.

Vivyo hivyo fimbo ya kupimia urefu. Kipimo cha dawa hufuata uzito, lakini mizani haipatikani kila kijiji. Urefu hukadiria uzito vya kutosha. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi. Mjamzito, mgonjwa mahututi na mama aliyejifungua ndani ya wiki moja husubiri, kwa tahadhari.

Usione haya kustaajabu

Dawa hii ilitokana na bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, na tangu 1987 kampuni ya Merck huitoa bure kwa ajili ya usubi. Msimulie mgonjwa habari hii. Yeye naye ana haki ya kuufurahia ugunduzi unaoyalinda macho yake.

Zoezi

Chagua ushauri mmoja unaoutoa kila siku kituoni. Uandike kwa sentensi tatu: kile mgonjwa anachokiona, kinachotendeka ndani ya mwili, na sababu ya kufanya unachomshauri. Msomee mtu asiyesomea tiba, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake. Akikwama, usimlaumu, rudi kwenye karatasi yako.