Kumi Bora za redioni: uliza maswali matatu kwanza

Redio ikitangaza nyimbo kumi bora zilizopigiwa kura na wasikilizaji, bwenini kwetu huwa hakulaliki. Nusu ya chumba inashangilia, nusu inasema matokeo yamepikwa. Mimi nasoma takwimu, kwa hiyo naitwa niamue. Huwa nawaambia washkaji: kabla ya kusema kura zimeibwa, ulizeni maswali matatu.

Kwanza, kulikuwa na nyimbo gani za kuchagua? Mtu humpigia kura anayemjua. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilikuwa zikirekodi katika studio za redio yenyewe, na msikilizaji alituma kadi ya salamu na kuomba wimbo. Lakini aliomba kutoka kwenye kile kilichokuwemo maktaba, basi. Sasa tuje hapa kwetu Tanga. Miaka ya 1960 na 1970 tulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyopiga taarabu kwa magitaa ya umeme, na sauti ya Shakila, binti wa Pangani, ikasikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Muulize leo kijana wa Ngamiani nyimbo zake kumi bora za pwani. Asipowataja, si kwamba wameshindwa kura. Hajawasikia tu, na asiyesikika hachaguliki.

Pili, nani amepiga kura, na mara ngapi? Tuseme zimeingia meseji 1,000. Watu 300 wametuma moja moja kwa wimbo A. Mashabiki 35 wenye vocha ya kuchezea wametuma 20 kila mmoja kwa wimbo B, yaani 700. B ameshinda kwa asilimia 70, wakati waliompenda ni watu 35 kati ya 335, kama asilimia 10 hivi. Hakuna aliyeiba, na hesabu ya meseji ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye jina: hicho si chaguo la wasikilizaji, ni chaguo la vocha.

Tatu, kura zimegawanyikaje? Chukua wapiga kura 100, kila mmoja na kura moja. Wapenzi wa taarabu ni 60, ila wana nyimbo nne kali, wakagawana 15 kila wimbo. Wapenzi wa singeli ni 40: wimbo mmoja ukapata 25, mwingine 15. Namba moja ni singeli, ingawa wengi ukumbini ni watu wa taarabu. Dawa mojawapo ni kumruhusu kila mtu achague nyimbo kadhaa. Redio ya triple j ya Australia, kwenye Hottest 100 yake, humpa msikilizaji nafasi ya kuchagua nyimbo 10. Hata hivyo haikuepuka zogo: Januari 2015 iliuondoa wimbo wa Taylor Swift, "Shake It Off", baada ya kampeni kubwa ya mtandaoni kuupigia debe. Kumbe hata anayehesabu ana mkono wake kwenye matokeo.

Utasema, hizi si nyimbo tu jamani? Sawa, lakini maswali ni yaleyale tunapomchagua rais wa serikali ya wanafunzi. Nani aliruhusiwa kugombea? Wangapi walijitokeza? Wagombea watatu wa kundi moja hawakugawana kura wakampisha wa nne? Mshindi akituambia "wanafunzi wamenichagua", tuna haki ya kujua ni wanafunzi wangapi.

Ombi langu kwa jumuiya ni dogo. Mkibandika matokeo ya kura yoyote, iwe ya wimbo bora wa mwaka au ya uongozi, wekeni namba tatu: waliokuwa na haki ya kupiga, waliopiga, na kura za kila mmoja. Karatasi moja inatosha.