Maswali na Majibu: Kujifunza Udereva kwa Njia ya Simu

Tangu masomo ya udereva yaanze kupatikana katika simu, barua zinazonifikia kutoka pande zetu hizi za Kwale, kuanzia Waa na Tiwi hadi Lunga Lunga na Vanga, zimezidi wingi. Nami, nikiwa mtu aliyetumia zaidi ya miaka ishirini akikaa upande wa kushoto wa gari la mafunzo, mguu juu ya breki ya pili, nimeona si insafu kuzikalia kimya. Sikuzichagua zote. Anayeuliza maana ya taa nyekundu ataipata mwenyewe. Nimechukua zile zilizoninyima usingizi, na zile ambazo, kusema kweli, zimeniudhi.

*Barua sita, mbili za Ukunda na nyingine za Tiwi, Gazi, Ramisi na Lunga Lunga, zauliza jambo moja: yuko mtu mtandaoni anayeuza "kozi kamili pamoja na leseni" kwa muda wa siku tatu, bila mwanafunzi kufika kiwanjani wala mbele ya mtahini. Je, ni kweli?*

Si kweli, na mtu huyo ni mwizi. Leseni katika nchi hii hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, wala hapana shule, wakala, binamu wa afisa au mwenye ukurasa wa mtandao aliyepewa idhini ya kuitoa kwa niaba yake. Maombi, kuanzia leseni ya muda ya mwanafunzi hadi kadi yenyewe, hufanywa kwa jina lako na katika akaunti yako mwenyewe ya eCitizen, na fedha za serikali hulipwa kwa nambari 222222. Basi mtu akikupa nambari yake ya simu umtumie fedha za leseni, hapo hapo amekwisha kujitambulisha ni nani. Kadi aweza kukuchapia, tena ikapendeza machoni, lakini siku afisa atakapoitafuta katika daftari la Mamlaka hataiona, na siku utakapomgonga mtu, kampuni ya bima itauliza leseni kabla haijauliza jambo jingine lolote.

Wala mwizi wa mtandaoni siye anikasirishaye zaidi, maana yeye angalau hakujifanya mwalimu. Nawakasirikia wenye shule zilizosajiliwa ambao humtumia mwanafunzi kurasa chache katika simu, wakampandisha gari mara nne au tano, kisha wakamfundisha njia ile ile moja ya siku ya mtihani, kona kwa kona, kama kasuku. Mtoto wa watu hufaulu, na kesho yake aachwa peke yake katika barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga baina ya mabasi na malori. Hiyo ni khiyana ya amana, wala sina jina jingine la kuiita.

*Nimemaliza masomo yote ya simuni na kila jaribio nimepata mia kwa mia. Breki za gari la baba ni mpya. Kwa nini shule yanilazimisha nilipie tena masomo ya garini? — Barobaro, Msambweni*

Barua yako, mwanangu, nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo nimelipiga vita umri wangu wote wa kazi, nalo ni kudhani ya kwamba gari husimama pale mguu unapokanyaga breki. Hukuliandika waziwazi, lakini mwenye kujitetea kwa upya wa breki dhana hiyo anayo moyoni.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa mijini na penye maduka, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Jicho likimwona mtoto, hapana budi habari ifike akilini, akili iamue, na mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Kwa mtu aliye macho, asiyechoka wala kushughulika na simu, hayo huchukua kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo gari, lisilojua lolote lililopita kichwani mwako, limekwisha kwenda mita zake 14 kwa mwendo ule ule. Ndipo breki inapoanza kazi yake, nayo yataka mita nyingine 14 hivi, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima. Jumla yake ni mita 28. Sasa upandishe mwendo hadi 100. Watu wengi, hata watu wazima wenye elimu yao, hudhani kuwa mwendo ukizidi mara mbili basi na masafa ya kusimama yatazidi mara mbili, yawe 56. Sivyo. Masafa ya kuwaza ndiyo yazidiyo mara mbili, yakawa 28. Ama masafa ya breki huzidi mara nne, kwa kuwa nguvu iliyomo ndani ya kitu kiendacho hupanda kwa mraba wa mwendo wake, na breki kazi yake ni kuigeuza nguvu hiyo yote iwe joto. Zile mita 14 za mwanzo zimekuwa 56, na jumla imefika 84. Na hiyo ni lami kavu; masika yakinyesha, au mchanga ukiwa umetanda juu ya lami, hesabu huzidi tena. Breki mpya hazikupunguzii sekunde yako ya kuwaza, wala haziwezi kuishika lami kuliko tairi zinavyoishika.

Hesabu hiyo simu yaweza kukufundisha, na kwa mujibu wa barua yako umeijibu sawasawa. Lakini kuijibu si kuijua. Ninayo kamba ya usumba niliyoipiga fundo moja kwenye mita 14 na jingine kwenye mita 28. Mwezi uliopita alinijia kijana aliyefaulu masomo ya simu kama wewe, nikamsimamisha chini ya mkorosho ulio ukingoni mwa kiwanja chetu, nikamwambia avue ndara moja akaiweke pale anapodhani gari la mwendo wa 50 litasimama, ikiwa hapo chini ya mkorosho ndipo dereva alipomwona mtoto. Akasema "mita 28", jibu sahihi, kisha akatembea hatua tisa, akaiweka. Nikaivuta kamba. Fundo la kwanza likaipita ndara yake kwa mbali, maana yake ni kwamba pale alipodhani gari limekwisha kusimama, dereva bado hata hajaigusa breki. Fundo la pili likafika kisimani. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kamba ile ni sawa. Tukaipima upya kwa tepu ya fundi, naye akiishika ncha yake mwenyewe, ikawa sawa.

Basi nenda hapo kwenu Msambweni wakati wa alasiri, watoto wanapotoka chuoni na juzuu zao vifuani, usimame kando ya barabara, uhesabu hatua ndefu 28, ukawatazame wangapi wamo ndani ya masafa hayo. Masomo ya simu sikukatazi, na nitayasifu hapa mbele ya wote: kwa alama za barabarani, kwa sheria, na kwa mwanafunzi wa Kinango au Vanga ambaye kila safari ya kuja darasani Ukunda yamgharimu nauli na siku nzima, hayana mfano, maana huyarudia usiku mara kumi bila kumwonea haya mwalimu. Hata ule ubao wa mji wa mfano, ambao mtahini hukuambia ukipitishe kigari chake baina ya njia na mizunguko, aweza mtu kuuzoea kwa simu akaja amekwisha kuiva. Lakini masafa hujulikana kwa macho na mguu, na mguu haujasoma mpaka uwe garini, na alama ya L mbele na nyuma, na mtu mwenye breki ya pili ubavuni. Walipie hao walimu.

*Nitaendesha gari la otomatiki tu. Kuna haja gani ya kuteswa na klachi? — Diani*

Hapana haja, ila fahamu kuwa daraja la B1 ni la otomatiki peke yake. Atakaye kushika na gari la klachi, yake ni B2.

*Kijana wa Diani, mama wa Kombani, na ndugu yetu aliyeko Muscat wameniandikia kuhusu masomo ya bure ya video kutoka ng'ambo, wakitaka kujua kama yanatosha, maadamu "gari ni gari".*

Gari ni gari, ila barabara si barabara. Video nyingi mnazozitazama zimefanywa Marekani, ambako watu hupita kulia. Ambako, katika sehemu nyingi, dereva aliyesimama kwenye taa nyekundu ana ruhusa ya kukata kulia ikiwa njia ni tupu. Na ambako alama za hadhari ni za umbo la almasi, rangi yake manjano. Sisi twapita kushoto, taa nyekundu kwetu haina ruhusa ndani yake, alama zetu za hadhari ni pembetatu yenye ukingo mwekundu, na katika mzunguko twazunguka kama akrabu za saa zinavyokwenda, tukimpisha aliyekwisha kuingia kutoka mkono wetu wa kulia. Mwenye kuishika sheria ya huko akaileta hapa kwetu, hata ikiwa aliishika barabara kabisa, amejifunza namna ya kugongana.

Na hatari yake haiji pale mtu anapoitazamia. Penye magari mengi utawafuata wenzio, hutakosea. Utakosea alfajiri, utokapo kituo cha mafuta na barabara tupu, hapana gari la kukukumbusha upande. Mkono wenyewe ndio utakaochagua. Hili namwambia hasa ndugu yangu wa Muscat, ambaye ameendesha Oman kwa kupita kulia mwaka baada ya mwaka na adhani udereva wake wote atarudi nao nyumbani. Ukija, ndugu yangu, kabla hujaingia barabara mpya ya Dongo Kundu kuja Kibundani, ambako lami ni pana na mwendo hukimbia bila mtu kuhisi, omba mtu akae nawe siku mbili tatu katika njia ndogo. Si aibu.

*Mzee wetu mmoja asema Wazungu wenyewe walipata leseni bila mtihani, na walijua kuendesha. Basi mitihani hii ni ya nini ila kukusanya fedha?*

Mzee wenu asema kweli nusu. Uingereza ilianza kutoa leseni kwa sheria ya 1903, na mtu alikuwa akiinunua kama stempu, bila kuulizwa lolote. Mtihani ulifanywa lazima mwaka 1935. Sasa mwulizeni mzee nusu iliyobaki: katika mwaka 1934 barabara za Uingereza ziliua watu zaidi ya 7,300, ilhali magari yao yalikuwa machache mno kuliko ya leo. Mtihani haukuletwa na mapenzi ya fedha. Uliletwa na majeneza.

*Nimeendesha bodaboda miaka mitano bila leseni na sijaanguka. Kweli nianze masomo ya mwanzo, tena kwa simu, kama mtoto?*

Ndiyo. Daraja la pikipiki ya abiria na tuktuk ni A3, na mpaka ulipate usimpakie mtoto wa mtu.

*Gari hunirudia nyuma mlimani, na video zote nimetazama. — Matuga*

Nipandie kutoka Kombani kwenda mjini Kwale, kupanda karibu mita 400 juu ya bahari, upate mahali pa kujifunzia pasipokuwa na mfano wake pwani nzima. Simama, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, achia klachi polepole mpaka usikie sauti ya injini imekuwa nzito na pua ya gari imeinuka kidogo. Hapo ongeza mafuta kidogo, ndipo uiachie breki ya mkono, mwisho kabisa. Aghalabu wanafunzi huiachia mwanzo, kwa haraka ya kumwogopa aliye nyuma apigaye honi. Mwache apige. Rudia mara thelathini na mwalimu, kwani ile dalili ya pua kuinuka hujulikana kwa kiti na nyayo, wala hapana kamera iliyowahi kuipiga picha.

*Kweli mtahini hujali mambo ya wanyama wa Diani?*

Mimi najali. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza Diani mwaka 1997, limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ile ili mbega wavuke bila kushuka chini. Uionapo ngazi juu yako, punguza mwendo, maana si wote wanaozitumia. Na palipo na mbega aghalabu pana mtu aliyesimama njiani kuwatazama.

*Mume wangu hapendi binti yetu akae peke yake garini na mwalimu mwanamume, hivyo ameamua asome kwa simu tu kisha aende mtihanini. Nifanyeje? — Mama, Kinondo*

Bi mkubwa, haja ya mumeo ni ya heshima nami sitaipinga. Nitakayoipinga ni dawa aliyoichagua, kwa sababu inamlinda binti na mwalimu kisha inamtupa peke yake barabarani. Kwanza ulizeni shule ikiwa ina mwalimu mwanamke; wapo, na wakiulizwa mara nyingi shule zitaajiri zaidi. Pili, ikiwa hayupo, ombeni mtu wa tatu akae kiti cha nyuma, awe kaka, shangazi au wewe mwenyewe, na shule itakayolikataa hilo mwondoeni binti siku hiyo hiyo. Nimewafundisha wasichana wengi kwa njia hiyo, na mara nyingine mama aliyekuja kumlinda binti yake, baada ya kutazama majuma matatu kutoka nyuma, aliniuliza kwa sauti ndogo kama umri wake wa kujifunza umekwisha kupita. Haujapita. Njooni wote wawili.