Paka Shume, Mbwa Koko na Viroboto Wao: Kijitabu cha Kaya za Mnazi Mmoja na Kariakoo

Nyumba nyingi za Mnazi Mmoja na Kariakoo zimepanda ghorofa, lakini chini mambo ni yale yale. Mama ntilie anaosha masufuria, bucha linafungwa usiku, na mfuko wa utumbo wa samaki unawekwa kando ya ngazi kusubiri gari la taka. Paka shume na mbwa koko wanaijua vizuri ratiba hiyo. Wanafuata chakula, pembe kavu ya kulala na mahali laini pa kuchimba na kunya. Ukimfukuza mmoja kwa jiwe na mfuko ukabaki palepale, kesho atakuja mwenzake.

Kwa hiyo anzeni na taka. Mabaki ya nyama na samaki yakae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na ndoo itolewe asubuhi gari likikaribia. Wapangaji wa jengo moja wakubaliane, maana mfuko mmoja ukilala nje unatosha kuwaita wanyama wa mtaa mzima. Wanaowalisha paka kwa huruma na imani hatuwaombi waache. Tunawaomba wawalishe mchana, kwa saa maalumu, na waondoe sahani paka akishashiba.

Kariakoo haikosi jengo linalojengwa, na kila jengo lina lundo la mchanga. Paka na mbwa hunya humo. Watoto wetu hucheza humo humo. Kinyesi cha mnyama mwenye safura huacha mayai, na mabuu yake hupenya ngozi ya nyayo au matako ya mtoto. Utaona mstari mwekundu unaojipinda, unaosogea kidogo kidogo na kuwasha sana, hasa usiku. Mpeleke mtoto kituo cha afya, dawa ipo. Usiuchome mstari huo, usiupake mafuta ya taa. Na mwambieni msimamizi wa ujenzi afunike mchanga kwa turubai kila jioni. Gharama yake ni ndogo mno, ndiyo maana inasikitisha kuona malundo yakiachwa wazi.

Maganda ya machungwa na siki humkera paka kwa siku moja mbili, kisha harufu inapotea. Alipokojoa, paoshe kwa maji ya moto na sabuni, halafu siki. Usitumie amonia, kwake inanukia kama mkojo, atarudi kukojoa tena. Dume lisilohasiwa ndilo hasa linalorusha mkojo milangoni na kupigana usiku kucha, na dawa yake ya kudumu ni kuhasiwa na daktari wa mifugo. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na hushika ya kwanza kabla hajatimiza mwaka.

Sumu haifai kabisa. Kutesa wanyama kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nyama yenye sumu kwenye kichochoro inaweza kuokotwa na mtoto. Tena taka zikibaki, panya watabaki wakizila, na mkojo wa panya ni mojawapo ya njia za homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Viroboto

Wengi humwogesha paka dawa, wakashangaa viroboto kurudi baada ya wiki. Sababu iko sakafuni. Kiroboto jike hutaga makumi ya mayai kwa siku, nayo hudondoka popote paka anapolala: kwenye mkeka, chini ya kochi, nyufa za ngazi. Mabuu hujificha gizani, kisha hujifungia kwenye vifuko ambavyo dawa haipenyi kwa urahisi, na humo wanaweza kungoja kwa miezi. Mtetemo wa nyayo zako na joto la mwili ndivyo huwaamsha. Ndiyo maana chumba kilichofungwa muda mrefu kinaweza kukushambulia siku ile ile unapohamia.

Fagieni kila siku, hasa pembeni. Mikeka na matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, takataka za kufagia zifungwe na kutolewa nje. Wanyama wote wa nyumba watibiwe siku moja, na kazi hii iendelee walau miezi miwili. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu.

Angalizo kubwa: dawa ya mbwa yenye pemethrini huua paka. Nunua dawa yenye maelekezo ya paka, kwa uzito wake. Na mjamzito asishike kinyesi cha paka. Mwingine akitoe kila siku, kwa kuwa vimelea vilivyomo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza.

Kupe wa mbwa naye huishi ndani, kwenye nyufa za ukuta. Zibeni nyufa. Aliyeng'ang'ania ngozi mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, umvute polepole bila kumpinda.

Ukiumwa au mtoto akiumwa

Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo kinazuilika. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, dawa ya meno wala mafuta ya breki. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni twahara ya najisi ya mbwa, si tiba ya jeraha. Sabuni na maji kwanza, na udongo usiguse kidonda. Ukianza chanjo, maliza sindano zote.

Mbwa anayejulikana afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiugua au kufa, mjulisheni daktari wa mifugo na hospitali mara moja.

Pemba ilitokomeza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ulirudi 2016, wakachanja tena, ukatokomezwa 2018. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, mnyororo wa maambukizi hukatika. Basi mwenye yadi au duka anayefuga mbwa wa ulinzi amchanje kila mwaka na atunze kadi, majirani waione wakiomba. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa mapema, Agosti, kama kutakuwa na chanjo ya mbwa na paka, itatolewa wapi na kwa gharama gani.