SOMO: MKE ALIYETENDEWA JEURI SI MZINZI

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:25-27, 1 Wakorintho 7:3-5, Waefeso 5:25-29

Leo tunajifunza jambo ambalo wengi wetu tunalinyamazia nyumbani na hata kanisani.

Tangu vita vilipoanza Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, na kufika Masisi, mama zetu wametendewa jeuri shambani, msituni kwenye kuni na njiani kwenda sokoni. Luvungi na vijiji jirani, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 300 waliobakwa. Baada ya jeraha hilo, wengi walipata la pili, nalo lilitoka nyumbani: bwana alimfukuza bibi yake, au alibaki naye lakini akakataa hata chakula alichopika.

1. Je, ametenda dhambi?
Torati inajibu waziwazi. Binti aliyekamatwa shambani hana hatia. Anafananishwa na mtu aliyevamiwa na kuuawa: alipiga kelele, hakupata wa kumwokoa. Basi wazee wa kanisa wasimwite mama huyo mbele ya watu aungame. Aungame nini? Wala jamaa wasidai mahari irudishwe.

2. Mwili ni wa nani?
Paulo anafundisha kwamba mwili wa mke ni wa mumewe, na mwili wa mume ni wa mkewe. Wanaume wengi wanashika nusu ya kwanza na kusahau ya pili. Tena Paulo anataka mapatano ya wote wawili. Mama aliyeumizwa akisema, "Baba, ningoje kwanza," bwana angoje, hata miezi. Kungoja huko ndiko kumpenda kama Kristo, ambaye hakulichukua Kanisa kwa nguvu, bali alijitoa kwa ajili yake.

3. Mfano wa uvumilivu
Nchi yetu ina mfano wa ndoa iliyovumilia. Nabii Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 Mama Muilu Marie hakumwacha. Alilea watoto na kuwatunza waamini kwa siri. Ikiwa mke aliweza kumngoja mumewe miaka 30, je, mume hawezi kumngoja mkewe apone?

4. Tufanye nini?
- Mama apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa ya kuzuia sida. Hata akichelewa, aende, msaada upo. Hospitali ya Panzi, Bukavu, inawatibu wamama kama hao tangu 1999.
- Bwana amsindikize, na wapimwe wote wawili.
- Mtoto akizaliwa, asiitwe mtoto wa adui. Yeye hakushika silaha.
- Siri ya nyumba hiyo isiwe habari ya kisimani.

Maswali ya kujadili
a) Paulo anampa mke haki gani juu ya mwili wa mume?
b) Katika mtaa wetu, ni nani amefukuzwa, na nani atakwenda kuzungumza na bwana wake?

Mungu aziponye nyumba zetu. Amina.