Mwanafunzi Apima Zege

Anayesomea shahada ya ujenzi hasomi vitabu tu. Katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, wanafunzi huenda pia kwenye majengo kujifunza kwa vitendo.

Kazi moja ni kupima zege. Zege hujazwa katika kisanduku cha chuma, sentimeta 15 kila upande. Kesho yake hutolewa likiwa gumu, likalazwa majini. Siku ya 28 mashine huligandamiza mpaka livunjike. Hapo nguvu yake hujulikana.

Kwa nini taabu yote hiyo? Mwaka 2013 jengo la ghorofa lilianguka Dar es Salaam. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Zege lenye maji mengi hukorogeka upesi, lakini huwa dhaifu.

Swali: Fundi wa kijijini kwenu hupima maji ya zege kwa ndoo, au kwa macho?